MAPITIO HURU YA KITABIBU: HAKI YA MGONJWA WA AKILI MBELE YA BIMA

Mkulima apelekapo pamba yake kwenye kituo cha kununulia, hatosheki na kuambiwa uzito kwa mdomo. Hutazama mizani, tena hutaka kujua kama imekaguliwa na kupigwa muhuri na watu wa vipimo. Hafanyi hivyo kwa kudhani kwamba kila karani ni mwizi. Anafahamu tu kwamba anunuaye hafai kuithibitisha mizani yake mwenyewe. Wahenga walikwisha kulisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ni kwa msingi huohuo hesabu za chama hazikaguliwi na mweka hazina wake, bali na mkaguzi atokaye nje. Na ndiyo maana mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuunda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO.

Katika bima ya afya swali hilo hutokea kwa sura nyingine. Mwanachama amechangia, ameugua, daktari wake ameagiza matibabu, lakini bima imesema matibabu hayo si ya lazima. Je, ni nani aliyeipima mizani hiyo? Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo makatibu wa vyama wataulizwa swali hili mara nyingi kuliko zamani, nao hawana budi kulielewa. Jimbo la California, nchini Marekani, limekuwa na utaratibu wa kulijibu tangu mwaka 2001, na magonjwa ya akili yamekuwa miongoni mwa mambo yaliyoujaribu sana. Yafaa utaratibu huo uelezwe, pamoja na mafanikio na upungufu wake.

BIMA INAVYOKATAA

Bima ya afya, kwa asili yake, ni jambo la ushirika: wengi huchanga kidogo kidogo ili wachache watakaougua wasiangamie kwa gharama. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kulipia kila kitu kila mtu anachokitaka. Lazima uwe na mipaka. Mipaka hiyo ni ya aina mbili, na ni muhimu katibu azitofautishe.

Aina ya kwanza ni mipaka ya mkataba. Ikiwa mkataba unasema wazi kwamba miwani hailipiwi, basi hailipiwi, na ubishi wowote juu yake ni ubishi wa kusoma mkataba. Aina ya pili ni ile ya ulazima wa kitabibu. Hapa mkataba unakubali kwamba tiba fulani hulipiwa, ila kwa sharti kwamba iwe ya lazima kwa mgonjwa huyu, kwa wakati huu. Sharti hili halisomwi katika mkataba. Huamuliwa kwa elimu ya udaktari.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1973 ilihimiza mipango ya afya inayopokea michango mapema na kisha kuyasimamia matibabu yenyewe. Katika mipango ya namna hiyo, mtumishi wa bima husoma jalada na kuamua kama tiba ni ya lazima. Mara nyingi huwa hajamwona mgonjwa hata mara moja. Akikataa, fedha hubaki mfukoni mwa mpango unaomlipa mshahara. Si lazima awe mtu mbaya ndipo akosee. Yatosha kwamba ngozi ya ngoma inavutwa upande mmoja.

KWA NINI MAGONJWA YA AKILI

Mguu uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei, na malaria huonekana katika damu. Magonjwa mengi ya akili hayana kipimo cha namna hiyo. Daktari huyatambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumtazama, kuwauliza jamaa zake na kuifuatilia hali yake siku hadi siku. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwa msomaji wa jalada aliye mbali kusema kwamba mgonjwa amepata nafuu.

Tena, matibabu yake aghalabu huchukua muda mrefu. Mgonjwa wa sonona kali au wa skizofrenia haponi kwa sindano moja. Kila wiki inayoongezeka ni gharama, na kila gharama ni nafasi ya kukataa.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Mgonjwa wa figo aliyenyimwa tiba aweza kuandika barua na kudai haki yake. Lakini mgonjwa wa akili, hasa wakati ugonjwa umempanda, huenda hana nguvu hata ya kuinuka kitandani, au anaamini kwamba hastahili kusaidiwa. Jamaa zake nao huenda wanaona haya majirani wasijue. Hivyo basi, mtu ambaye ni rahisi zaidi kukataliwa ndiye pia mwenye uwezo mdogo wa kulalamika.

Kwa miaka mingi mipango ya bima ya Marekani iliyatenga magonjwa haya waziwazi, kwa kuyawekea viwango vya chini kuliko magonjwa ya mwili. Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Paul Wellstone na Pete Domenici, ambao kila mmoja alikuwa na ndugu wa karibu mwenye ugonjwa wa akili, waliongoza juhudi za kuubadili mtindo huo. Sheria ya mwaka 1996 ilikataza kuweka ukomo wa fedha ulio mdogo kwa magonjwa ya akili. Mipango mingi ikageukia njia nyingine: badala ya kupunguza fedha, ikapunguza idadi ya siku za kulazwa na mara za kumwona daktari. Ilibidi itungwe sheria nyingine, ya mwaka 2008, iliyopewa majina ya maseneta hao, kuuziba mwanya huo. Wellstone hakuiona, kwa kuwa alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2002.

Hata hivyo, sheria ya 2008 haikuulazimisha mpango wowote kuyalipia magonjwa ya akili. Ilisema tu kwamba mpango unaoyalipia uyalipie kwa usawa na magonjwa mengine. Ni sheria ya afya ya mwaka 2010 iliyoyaingiza miongoni mwa mafao ya lazima katika bima za watu binafsi na za waajiri wadogo.

Lakini usawa ulioandikwa katika sheria si usawa uliomfikia mgonjwa. Mpango waweza kuandika kwamba unalipia kulazwa kwa ugonjwa wa akili bila ukomo wa siku, kisha ukamwambia kila mgonjwa kwamba kwake yeye kulazwa si lazima. Hapo ndipo mapitio huru yanapohitajika.

UTARATIBU WA CALIFORNIA

California ilikuwa imetunga sheria ya kuisimamia mipango ya afya tangu mwaka 1975. Mwaka 1999 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria kadhaa kwa mpigo. Mojawapo iliunda idara mpya ya kuisimamia mipango hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2000. Nyingine iliiamuru mipango kuyalipia magonjwa tisa makubwa ya akili kwa masharti yaleyale ya magonjwa ya mwili. Miongoni mwake yalikuwamo skizofrenia, sonona kubwa, usonji, na ugonjwa wa kujinyima chakula. Watoto wenye matatizo makubwa ya hisia nao walijumuishwa. Sheria ya tatu ndiyo iliyoleta mapitio huru ya kitabibu, kuanzia Januari 2001.

Utaratibu wenyewe ni huu:

Kwanza, mwanachama hulalamika kwa mpango wake wa bima. Mpango una siku 30 za kujibu. Ikiwa hali ni ya hatari, siku ni 3.

Pili, asiporidhika, au muda huo ukipita bila jibu, huiandikia idara ya jimbo kuomba mapitio huru. Anapewa miezi 6 tangu uamuzi wa mpango kutolewa. Halipi chochote, gharama hubebwa na mipango ya bima yenyewe. Aweza kumteua jamaa au mtu mwingine amsemee.

Tatu, idara huangalia kama ubishi ni wa kitabibu. Ukiwa ni wa mkataba, huushughulikia wenyewe kama malalamiko ya kawaida. Ukiwa ni wa kitabibu, jalada hupelekwa kwa taasisi iliyo nje ya mpango. Taasisi hiyo humpa daktari au mtaalamu aijuaye tiba ya ugonjwa unaohusika. Mtaalamu huyo hatakiwi kuwa na maslahi katika mpango wa bima, wala katika hospitali inayotaka kulipwa, wala katika kiwanda cha dawa inayobishaniwa.

Nne, mtaalamu huamua kwa maandishi na kwa sababu. Sheria inataka amalize ndani ya siku 30 baada ya kupata nyaraka, au siku 3 ikiwa maisha yamo hatarini.

Tano, mkuu wa idara huupokea uamuzi huo na kuufanya amri. Mpango ukishindwa, hauna budi kuidhinisha tiba ndani ya siku 5 za kazi, au kurudisha fedha ikiwa mgonjwa alikwisha jilipia. Mpango hauwezi kuukataa uamuzi, na ukichelewa kuutekeleza hutozwa faini kwa kila siku.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa, kwa maana wakaguzi hulipenda. Maamuzi hayo huchapishwa na idara, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa, na mtu yeyote aweza kuyasoma. Hivyo huonekana ni tiba gani zinazokataliwa mara kwa mara, na kwa sababu zipi. Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya nusu ya waliofikisha maombi yao katika hatua hii walipata tiba waliyokuwa wamenyimwa. Wengine walishinda, na kwa wengine mpango wenyewe uligeuza uamuzi wake mara tu ulipojua kwamba jalada litasomwa na mtu wa nje.

MFANO WA JALADA

Mfano ufuatao si wa mtu fulani, bali unaonyesha namna ubishi unavyokuwa. Binti wa miaka 17 ana ugonjwa wa kujinyima chakula. Ugonjwa huu ni mmoja wa magonjwa ya akili yanayoua watu wengi kwa kadiri ya wagonjwa wake. Amelazwa katika nyumba ya matibabu. Baada ya wiki tatu uzito wake umeongezeka, na mpango wa bima unaandika: mgonjwa ametengemaa, aendelee kutibiwa akitokea nyumbani.

Kwa mtazamo wa mizani peke yake, mpango una haki. Lakini mtaalamu huru huuliza mengine. Je, binti anakula mwenyewe, au anakula kwa sababu muuguzi amesimama karibu naye? Mapigo ya moyo wake yakoje? Anasema nini juu ya kuishi? Je, aliwahi kujaribiwa kutibiwa akitokea nyumbani, na matokeo yalikuwaje? Ikiwa katika jalada mna barua ya daktari isemayo kwamba mwaka uliotangulia alitibiwa nyumbani kwa miezi minne akazidi kudhoofu, barua hiyo yaweza kuugeuza uamuzi wote. Ikiwa wazazi wanalijua jambo hilo ila hakuna aliyeliandika, mtaalamu hawezi kulisoma. Mapitio huru hufanywa kwa karatasi. Asiye na karatasi hana sauti.

Yafaa pia kusemwa kwamba mtaalamu huru aweza kukubaliana na bima, na hilo si kosa. Hospitali nayo ina ngoma yake ya kuwamba, kwa kuwa hulipwa kwa kila siku mgonjwa anapolala kwake. Mizani iliyokaguliwa haimwongezei mkulima kilo. Humpa kilo zilizo zake.

UPUNGUFU ULIOONEKANA

Utaratibu huu ulipigwa vita mahakamani. Mipango ya bima ilidai kwamba majimbo hayana mamlaka ya kuingilia bima zitolewazo na waajiri, ambazo ziko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974. Mwaka 2002 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kesi iliyotoka jimbo la Illinois na kuruhusu sheria za mapitio huru ziendelee kutumika juu ya bima zinazonunuliwa na waajiri. Lakini mwajiri anayelipia matibabu ya watumishi wake kwa mfuko wake mwenyewe hayumo katika mikono ya sheria ya jimbo. Watumishi wa namna hiyo ni wengi, na walibaki nje hadi sheria ya 2010 ilipowawekea mapitio ya nje ya namna yao.

Upungufu wa pili ulihusu vipimo vyenyewe. Mtaalamu akisoma jalada moja hurekebisha kosa moja. Lakini je, ikiwa kitabu cha mwongozo cha bima ndicho kilichopinda? Mwaka 2019 jaji mmoja wa mahakama ya taifa huko San Francisco aliamua kwamba miongozo ya kampuni ya United Behavioral Health iliathiriwa na nia ya kupunguza matumizi, na kwamba ilitazama zaidi dharura ya muda mfupi kuliko ugonjwa unaoendelea. Mwaka 2020 aliamuru madai yapatayo 67,000 yaangaliwe upya. Mahakama ya rufani ilitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo katika miaka ya 2022 na 2023, kwa hiyo wengi hawakupata walichotarajia. California, hata hivyo, haikungoja mwisho wa kesi. Sheria iliyotiwa sahihi Septemba 2020 na kuanza kutumika Januari 2021 iliongeza ulinzi kutoka magonjwa yale tisa hadi magonjwa yote ya akili yanayotambuliwa na wataalamu, pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Tena iliiamuru mipango itumie miongozo ya vyama vya kitaaluma visivyotafuta faida, si miongozo iliyojitungia.

Upungufu wa tatu ni kuchelewesha. Mapitio huru hujibu neno "hapana". Hayawezi kwa urahisi kujibu neno "njoo mwezi ujao". Mpango usio na matabibu wa kutosha haumkatai mgonjwa; humwacha angoje tu. Oktoba 2023 mpango wa Kaiser, ulio mkubwa kuliko yote katika jimbo hilo, ulikubaliana na idara kulipa faini ya dola milioni 50 na kutumia dola milioni 150 nyingine kuboresha huduma za afya ya akili, baada ya uchunguzi uliogusa pia ucheleweshaji huo. Jambo hilo lilihitaji mkono wa msimamizi, wala halikuwezekana kumalizwa kwa barua ya mgonjwa mmoja.

YALIYO WAJIBU WA VYAMA

Tanzania si California, na mfumo wake wa bima ni mwingine. Lakini mizizi ya jambo ni ileile. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya malalamiko dhidi ya kampuni za bima, ishara kwamba hapa nchini pia imekubaliwa kuwa mlalamikaji apate mtu wa kati. Vyama vya ushirika vyaweza kufanya mambo yafuatayo bila kungoja sheria mpya.

1. Mwanachama akinyimwa tiba, katibu amsaidie kudai jibu la maandishi lenye sababu na tarehe. Jibu la mdomo dirishani halikatiwi rufani.

2. Katibu aulize: je, sababu ni ya mkataba au ya kitabibu? Ikiwa ni ya mkataba, mkataba usomwe. Ikiwa ni ya kitabibu, barua ya daktari anayemtibu ndiyo silaha ya kwanza, nayo ieleze matibabu yaliyokwisha jaribiwa na hatari ya kuyakatisha.

3. Tarehe za ukomo ziandikwe katika daftari siku ileile barua ipokelewapo. Haki nyingi hupotea kwa kuchelewa kuliko kwa kukosa hoja.

4. Ugonjwa wa akili wa mwanachama ni siri yake. Usisomwe katika mkutano mkuu, wala usiandikwe katika muhtasari unaopita mikononi mwa watu. Mwanachama akijua kwamba siri yake itatembea, hatakuja kuomba msaada mpaka amekwisha zama.

5. Chama kijadilipo kuingia katika bima kwa pamoja, halmashauri iulize kabla ya kutia sahihi: magonjwa ya akili yanalipiwa kwa masharti yaleyale ya magonjwa mengine? Na mwanachama akikataliwa, rufani huenda kwa nani?

6. Vyama vyenye mifuko yao ya kusaidiana katika ugonjwa vijikague vyenyewe. Mara nyingi kamati ileile hukataa ombi na kusikiliza rufani yake. Tena wako wajumbe wanaomwona mgonjwa wa sonona kuwa mvivu, au wanaosema kwamba ni pepo tu. Masharti ya mfuko yaseme kwamba rufani ya ugonjwa ipelekwe kwa mganga wa kituo cha afya asiyekuwa mjumbe, na kwamba maoni yake yafuatwe.

Pendekezo hili la mwisho huwaudhi baadhi ya viongozi, kana kwamba wametuhumiwa. Hawakutuhumiwa. Karani wa mizani mwaminifu hufurahi mkaguzi wa vipimo ajapo, kwa kuwa muhuri ule humwondolea maneno ya watu. Kamati iliyo tayari uamuzi wake usomwe na mtu wa nje ndiyo kamati ambayo wanachama watauamini uamuzi wake, hata utakapokuwa ni wa kukataa.